Nani anapanga ardhi na uchumi wa Tanga? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ambayo wananchi wa Mkoa wa Tanga huyauliza kila panapochimbiwa jiwe la mpaka, kila mgeni anapoonekana na ramani mkononi, na kila bajeti ya halmashauri inaposomwa. Majibu yamefuata sheria zilivyo, lakini hayakuacha kutazama mambo yanavyokwenda huku kwetu, mjini na mashamba, pwani na milimani.

Je, mkoa ndio unaopanga matumizi ya ardhi yetu?

Hapana, na hili ndilo kosa linalowapotezea watu muda mwingi kuliko yote. Mtu anatoka Kilindi hadi Tanga mjini, anakaa foleni katika ofisi za mkoa, kisha anaambiwa arudi kijijini kwake kwa sababu jambo lake halikuanzia pale. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 imezitaja halmashauri ya kijiji, halmashauri ya wilaya na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi kuwa mamlaka za upangaji. Mijini inatumika Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka huohuo, ambayo inaipa halmashauri ya jiji, ya manispaa au ya mji kazi ya kupanga eneo lake. Mkoa wetu una wilaya 8, lakini halmashauri ni 11: Jiji la Tanga, miji ya Korogwe na Handeni, na halmashauri za wilaya za Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe, Handeni, Kilindi, Lushoto na Bumbuli. Kwa hiyo kuna meza 11 za mipango, kila moja ikiwa na baraza lake la madiwani, na chini yake kuna vijiji ambavyo kila kimoja kina mamlaka yake juu ya ardhi yake.

Kama ni hivyo, mkoa una kazi gani?

Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997 iliifanya Sekretarieti ya Mkoa, chini ya Katibu Tawala wa Mkoa, kuwa chombo cha kuzisaidia halmashauri kitaalamu, kuchambua mipango yao na kuhakikisha haipingani na sera za nchi. Iko pia Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na ndani yake wanakaa wakuu wa wilaya, wabunge, wenyeviti wa halmashauri na wakurugenzi. Neno la kushikwa hapo ni «ushauri», kwa maana kamati hiyo haigawi ardhi wala haiwezi kukipangia kijiji wapi walime na wapi wachunge.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba ushauri ni kitu kidogo, kwa sababu yako mambo ambayo hayajui mpaka wa halmashauri, na hapo ndipo mkoa unapokuwa wa lazima. Chukua maji ya Jiji la Tanga. Yanatoka katika bwawa la Mabayani, ambalo linajazwa na mto Zigi, na Zigi unaanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, wilayani Muheza. Mkulima wa Amani akilima hadi ukingoni mwa mto, anayekunywa tope ni mkazi wa Makorora, Tanga mjini, ambaye hampigii kura diwani wa Amani na wala hana kikao anachoweza kukutana naye. Muheza ina sababu zake za kutaka ardhi ya kilimo cha hiliki, karafuu na mdalasini, na Jiji lina sababu zake za kutaka msitu ubaki; mipango ya halmashauri hizi mbili, kila mmoja ukiandikwa peke yake, inaweza kuwa mizuri yote miwili na bado ikaharibiana. Kazi ya mkoa ni kuwaketisha watu hawa kabla mambo hayajaharibika.

Mto Pangani umevuka hata uwezo wa mkoa. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, na ya Maporomoko Mapya ya Pangani, ndipo yafike baharini. Ndiyo sababu mto huo unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, ambayo inafuata mipaka ya maji badala ya mipaka ya utawala. Mkulima wa umwagiliaji wa bonde la Korogwe anayetaka kibali cha kutumia maji ya mto anakipata kwa bodi hiyo, na halmashauri inayoandika mradi wa skimu bila kuiuliza bodi imeandika mradi wa karatasi.

Kwa nini ardhi ya Tanga imekatwakatwa namna hii, shamba kubwa hapa na kijiji kimebanwa pale?

Jibu lake lina zaidi ya miaka 130. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge, na miche 62 iliyonusurika ikapandwa Kikokwe, Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga; ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Ardhi nzuri iliyo karibu na reli ikawa mashamba ya mkonge, na wenyeji wakasukumwa pembeni. Huo nao ulikuwa mpango wa matumizi ya ardhi na uchumi, tena uliotekelezwa kwa ukamilifu, ila waliopangiwa hawakuulizwa. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bei ya mkonge ikaporomoka nyuzi za viwandani zilipoenea, na maeneo makubwa yakageuka mapori huku vijiji vya jirani vikikosa mahali pa kulima.

Katika miaka ya karibuni baadhi ya mashamba yasiyoendelezwa, hasa Muheza na Korogwe, yamefutiwa hati na kurudishwa kwa wananchi. Naliona jambo hili kuwa la haki, lakini shamba lililofutwa likigawiwa kabla ya kupangwa huzaa mgogoro mpya mahali pa ule wa zamani: viwanja vinauzwa mara mbili, njia zinasahauliwa, na shule inakosa pa kusimama.

Kuhusu mkoa kupanga uchumi wake wenyewe, Tanga ina historia ndefu. Baada ya Madaraka Mikoani ya 1972, serikali za mitaa zilipofutwa, mipango yote iliandikwa mkoani, na Tanga ilikuwa na programu yake ya maendeleo vijijini iliyosaidiwa na Ujerumani Magharibi. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na tangu hapo madaraka ya kupanga yamekuwa yakishuka chini, angalau kwa maandishi.

Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji unaandaliwaje?

Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi unataja hatua 6. Wataalamu wa halmashauri hujiandaa wilayani na kukusanya takwimu. Kisha huja kijijini kufanya tathmini pamoja na wanakijiji, wakitembea nao na kuuliza nani anatumia nini na tangu lini. Hapo ndipo inapochorwa ramani ya hali ilivyo. Baada ya hapo kamati ya kijiji na wataalamu huandika mpango wenyewe: wapi makazi, wapi mashamba, wapi malisho, wapi msitu wa kijiji, wapi akiba ya vizazi vijavyo, na sheria ndogo za kuvilinda. Mpango huo hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na bila mkutano huo kukubali hakuna mpango. Hatua mbili za mwisho ni utekelezaji kwa kutoa hakimiliki za kimila, yaani hati za mtu kumiliki ardhi ya kijiji, na upangaji wa kina wa eneo mojamoja.

Ni muhimu kusema kwamba kazi inayotangulia hatua hizo zote, ambayo mara nyingi ndiyo inayokwamisha yote, ni mipaka. Kijiji kisichokubaliana na jirani zake hakiwezi kupata Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na bila mipaka inayojulikana kila mstari unaochorwa ndani yake unaweza kupingwa. Wazee wanaojua mti gani ulikuwa mpaka na kijito gani kilihama wanazidi kupungua kila mwaka. Kijiji chenye wazee hao leo kikiahirisha kazi hii kwa miaka 10, kitakuja kupanga kwa kubahatisha.

Kikwazo cha pili ni mahudhurio. Mkutano unaitishwa msimu wa kupalilia, wanakuja watu wachache, muhtasari unaandikwa kwamba kijiji kimeridhia, na baada ya miaka miwili watu wanashangaa kukuta shamba la babu yao limo ndani ya eneo la msitu. Sheria inataka mkutano mkuu uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Ajenda ya ardhi ikitajwa, aache mtu jembe siku hiyo moja.

Mwekezaji akija anataka ardhi ya kijiji, nani anaamua?

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, kwa ajili ya manufaa ya umma, ambayo sheria imeyahesabia hata uwekezaji wenye maslahi kwa taifa, ukubwa ndio unaoamua njia. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini baada ya kupokea na kuzingatia maoni ya mkutano mkuu. Mwenyekiti wa kijiji hana uwezo wa kutia saini peke yake, hata akiwa na mhuri.

Liko pia jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha chelewa, nalo ni kwamba ardhi iliyohamishwa hivyo imetoka mikononi mwa kijiji. Mradi ukifa, haijirudii yenyewe. Kwa sababu hiyo kijiji chenye mpango ulioidhinishwa kiko mahali pazuri zaidi pa kuzungumza, maana kinaweza kumwonesha mgeni kwamba eneo fulani liko tayari na lingine halizungumziki.

Mipango ya uchumi na bajeti hupita njia gani?

Vipaumbele huibuliwa kwenye kitongoji na kijiji, au mtaa kwa mjini, kwa utaratibu unaojulikana kama Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani, kisha wataalamu wa halmashauri, kamati zake za kudumu na baraza la madiwani. Ndipo mkoa huchambua, na Kamati ya Ushauri ya Mkoa hutoa maoni, kabla ya mpango kwenda TAMISEMI, ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, na Wizara ya Fedha na hatimaye Bungeni, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai.

Mbona tuliloliomba kijijini halionekani kwenye bajeti?

Mara nyingi sababu ni ukomo wa bajeti. Serikali Kuu hutoa kiwango ambacho halmashauri haiwezi kukivuka, na sehemu kubwa ya kiwango hicho imekwisha kufungwa kwenye mishahara na miradi ya kitaifa. Kinachobaki kupangwa kwa uhuru ni mapato ya ndani, na humo nako asilimia 10 ni ya mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri kama Pangani, isiyo na viwanda vingi, haiwezi kulingana na Jiji la Tanga lenye bandari na viwanda vya saruji.

Sababu ya pili haisemwi sana, ingawa ndiyo inayoniuma zaidi: mpango wa ardhi na mpango wa fedha huandikwa na idara mbili ambazo hazikutani vya kutosha. Hutokea kijiji kikapangiwa zahanati, fedha zikaja, wananchi wakachanga nguvu zao kwa mawe na mchanga, kisha ikabainika kwamba kiwanja kilichozoeleka kuitwa cha zahanati kimekwisha kugawiwa mtu. Fedha zinalala mpaka mwaka unaisha. Swali la kumwuliza diwani wakati bajeti inajadiliwa ni hili: mradi huu uko kwenye kiwanja namba ngapi, na ramani yake iko wapi? Likiulizwa katika kila kata, idara hizo mbili zitalazimika kukaa meza moja.

Njia nyingine za kupata fedha zipo. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani mkopo unaotoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ili kupanua huduma ya maji. Si kila halmashauri inaweza, kwa sababu mkopo wa aina hiyo unahitaji chombo chenye mapato ya uhakika na hesabu safi. Lakini nalitaja kwa sababu limefanyika hapa, na tena linaturudisha kwenye msitu wa Amani: Zigi ikikauka, mapato yanayolipa deni yamekauka nayo.

Bandari na bomba la mafuta vimo katika mipango ya nani?

Hiyo ni miradi ya kitaifa, inayopangwa juu na kuzikuta halmashauri njiani. Bandari ya Tanga kwa miaka mingi ilipokea meli zilizotia nanga mbali, na mizigo ikaletwa gatini kwa matishari. Kina kimeongezwa kutoka mita 3 hadi 13 ili meli zifike zenyewe. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake ziko Tanzania, linaishia Chongoleani, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017.

Palipo na mradi wa namna hiyo, kazi ya mkoa na halmashauri ni kupanga yanayouzunguka: barabara za malori zisipite katikati ya makazi, nyumba za wafanyakazi, mahali pa wavuvi kutia ngalawa zao, soko la mboga za Lushoto na machungwa ya Muheza na Handeni. Hayo yasipopangwa mapema, ardhi ya pembeni hununuliwa na wenye habari, na wenyeji huja kujua thamani yake wakiwa wameiuza.

Ardhi yangu ikitwaliwa kwa mradi, nina haki gani?

Una haki ya fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Fidia hiyo haihesabu mazao na nyumba tu. Inahesabu pia thamani ya ardhi yenyewe, usumbufu, usafiri, makazi ya muda na faida iliyopotea, kwa kadiri kila kimoja kinavyokuhusu. Kanuni za mwaka 2001 zinataka riba ilipwe iwapo fidia itacheleweshwa kupita miezi 6. Uwepo siku ya uthamini, usome fomu kabla ya kuitia saini, na ubaki na nakala.

Mjini Tanga mambo yako vipi?

Anayetaka kuelewa faida ya kupanga kabla ya kujenga aende Ngamiani. Barabara zake zimenyooka na zimehesabiwa kwa namba, hata mgeni aliyeshuka leo akielekezwa barabara ya nane haulizi mara ya pili, na bomba la maji likipasuka gari la mafundi linafika. Kisha aende pembezoni mwa jiji ambako nyumba zilitangulia na mchoro ukafuata nyuma. Huko hutumika urasimishaji, ambapo watu hukubaliana kumega viwanja vyao ili njia ipite, na kila mita ya njia hiyo ina mtu aliyeitoa kwa uchungu. Mpango kabambe ndio unaotoa picha ya jiji kwa miaka mingi, na chini yake kuna michoro ya kina ya kila eneo. Kabla ya kununua kiwanja, peleka namba yake ofisi ya ardhi ya jiji uulize kimepangiwa matumizi gani, kwa sababu muuzaji hatakuambia kwamba kiwanja chake ni eneo la wazi.

Naweza kujenga ufukweni?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au chanzo cha maji. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi, hata ikiwa mbele ya nyumba yako. Aidha, sehemu ya bahari yetu kuelekea Pangani ni Hifadhi ya Silikanti (samaki adimu wa kale), iliyotangazwa mwaka 2009, yenye masharti yake ya uvuvi.

Wakulima na wafugaji wa Handeni na Kilindi watapangwaje wasigombane?

Tatizo kubwa ni kwamba ng'ombe hafuati mpaka wa kijiji. Kiangazi anakwenda yaliko maji, na kijiji kimoja kikitenga malisho huku jirani zake wamelima hadi kisimani, malisho hayo yatajaa mifugo ya kila mahali na kwisha. Sheria ya 2007 imeruhusu vijiji kuandaa mpango wa pamoja. Jirani zetu wa Kiteto, mkoani Manyara, wamefanya hivyo: vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliunganisha malisho yao na kuyapa jina moja, OLENGAPA. Mpaka wa Kilindi na Kiteto wenyewe umekuwa na mgogoro wa muda mrefu, nao ni mpaka wa mikoa miwili, kwa hiyo hauwezi kumalizwa na wenyeviti wa vijiji hata wakiwa na nia njema. Wakuu wa mikoa na Wizara ndio wenye kuusimamia. Ila mistari ikishawekwa, njia ya mifugo, kisima na josho vinahitaji kukubaliwa na watu watakaovitumia, ana kwa ana.

Mwanamke anaweza kumiliki ardhi ya kijiji kwa jina lake?

Ndiyo, sawa na mwanamume, na mila yoyote inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria.

Mgogoro wa ardhi upelekwe wapi?

Anza na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wanawake wakiwa wasiopungua 3. Linasuluhisha. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu wala haliamui kesi. Pasipopatikana suluhu, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nitaionaje ramani ya kijiji changu?

Mwombe mtendaji wa kijiji. Nakala ya mpango ulioidhinishwa inapaswa kuwapo katika ofisi ya kijiji, na nyingine iko kwa afisa mipango ya matumizi ya ardhi wa halmashauri. Ukiambiwa haipo, uliza kwenye mkutano mkuu unaofuata na utake jibu liandikwe katika muhtasari. Ukiipata, itembee pamoja na mtoto wako mkubwa, kutoka alama ya kwanza hadi ya mwisho, na umwambie kila alama inaitwaje.